Siku Nilipomzika Bwana Zuberi Kitaya

Nianze na lenyewe, ili wa kucheka acheke mapema tupate kusikilizana: yule Mngoni mnayesimuliwa habari zake, aliyesimamisha mazishi Kitaya kwa ajili ya kitabu cha mapenzi, ni mimi. Kuna wanaosema nilikuwa nimelewa, na kuna fundi baiskeli mmoja pale Nanyamba anayeapa kwamba nilitumbukia kaburini na kutolewa kwa kamba. Sikulewa, na kaburini sikutumbukia. Yaliyotokea ni mabaya kuliko hayo, kwa hiyo bora myapate kwangu mwenyewe.

Shule niliiacha darasa la sita, si kwa sababu nilikuwa mzito wa kichwa (mwalimu wangu wa Kiswahili alifuta machozi siku nilipoaga, ingawa wapo wanaosema alikuwa na mafua), ila miguu yangu haikujua kukaa. Nimetoka Songea nikabeba magunia ya korosho Masasi, nikauza mitumba Newala, nikakaa msimu mmoja kwenye mashamba ya chumvi nikaungua macho, na kila nilipolala nilisoma chochote chenye maandishi, hata karatasi iliyofungia maandazi nilikuwa naikunjua nione imeandikwa nini. Sasa nina pikipiki, nauza sabuni, ndoo na masufuria kutoka Mtwara mjini hadi vijiji vya mtoni, na juu ya masufuria hayo nabeba vitabu vya Somoe.

Somoe ni fundi cherehani wa Magomeni, pale pale Mtwara mjini. Anayo seti nzima ya *Ukoo wa Zuberi*, vitabu sita vya familia moja yenye mashamba ya minazi, kuanzia babu hadi vitukuu, watu wanaopendana, wanaosalitiana, wanaorithiana na wakati mwingine wanaofufuka (mmoja alizikwa kitabu cha pili, akarudi kitabu cha tatu na ndevu, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi). Somoe akimaliza kimoja nakipeleka Nanyamba kwa nesi mmoja anayesoma akiwa zamu, nesi akimaliza nakipeleka Kitaya kwa Mama Dafroza, na Mama Dafroza akimaliza ndipo mimi, mbebaji, nasoma wa mwisho. Huo ndio uliokuwa utaratibu, Somoe aliuweka mwenyewe, nami niliukubali kwa mdomo wangu huu.

Na kwa kuwa wanawake hao watatu hawajawahi kuonana, mimi ndiye niliyekuwa nabeba na maoni yao. Somoe alimchukia Bwana Zuberi, mkuu wa ukoo, tangu ukurasa wa kwanza. "Mwanamume anayemwandikia mkewe shairi kila Ijumaa," aliniambia huku amebana pini mdomoni, "kuna mahali anapokwenda Alhamisi." Nesi yeye alisema katika ukoo mzima mwenye akili timamu ni mpishi peke yake, wengine wote wangetakiwa kulazwa. Nikifikisha maneno hayo Kitaya, Mama Dafroza alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, halafu anakasirika.

"Mwambie huyo fundi wako ashone nguo, watu wazima awaachie ndoa zao. Bwana Zuberi namjua mimi. Ukimsoma Bwana Zuberi umemsoma Mwalimu wangu. Upole ule ule, kofia ile ile, hata kile kikohozi anachokohoa kabla ya kusema jambo zito."

Mwalimu wake ni Mwalimu Anselmi, mumewe, aliyefundisha shule ya msingi hadi akastaafu. Mimi sikuwahi kumtia machoni. Kila nilipofika Kitaya niliambiwa amevuka mto, ana shamba ng'ambo, upande wa Msumbiji, atarudi Jumatatu. Jumatatu nikipita naambiwa amerudi jana na leo amevuka tena. Mimi, msomaji mkubwa, mchambuzi wa wahusika, mtu niliyeweza kukwambia tangu sura ya pili nani atamwoa nani, nilisikia habari ya shamba hilo mara kumi na haikunigusa hata unywele.

Sasa kosa. Nilichukua kitabu cha nne kwa nesi, nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni tayari kwenda Kitaya, mvua ikanishika pale pale Nanyamba. Nikajikinga kwenye ghala moja la korosho lililokuwa tupu. Mvua ya kukaa tu, nikasema nifungue ukurasa mmoja, nione wameanzaje. Mvua ilikatika baada ya saa moja. Mimi nilitoka pale baada ya siku mbili.

Lakini ndugu zangu, kitabu cha nne! Bwana Zuberi, yule mpole wa mashairi, kumbe ana mke mwingine kisiwani, ana nyumba, ana meza ya kulia, ana kofia ya pili iliyotundikwa ukutani kule kule! Niliposoma niliruka nikapiga kichwa kwenye boriti. Nikawaza nirudi Magomeni mbio nimwambie Somoe, aliyekisoma wa kwanza asiniambie kitu, kwamba kweli ameshinda. Nikawaza niende Kitaya nikamtazame Mama Dafroza usoni anaposoma. Nikiwa nawaza, simu ikaita, jirani yake Mama Dafroza: "Mngoni, Mwalimu hatunaye. Tunazika leo saa tisa. Njoo, watani ni wachache."

Kwa asiyezoea mambo ya kusini: sisi Wangoni na Wamakonde ni watani, na msiba wa mtani haukamiliki bila mwenzake kufika kuuvuruga. Wafiwa wanalia, wewe unadai chakula, unamsema marehemu, unavaa nguo zake, unatembea kama alivyotembea, unaongea kama alivyoongea, mpaka watu wacheke na machozi yao. Kazi hiyo naijua. Nimeifanya Masasi, nimeifanya Newala, nimewahi kuifanya kwa marehemu wawili siku moja, na wote walipendeza. Nikawasha pikipiki na moyo wangu ukiwa na huzuni, ndiyo, lakini pia (niseme kweli) nikiwa najiamini kama mtu anayekwenda kupokea zawadi.

Kitaya nilikuta turubai limefungwa, sanduku limewekwa juu ya meza mbili, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Mama Dafroza alikuwa katikati, na pembeni yake mwanamke wa makamo mwenye kitenge cheusi, ambaye nilinong'onezwa kuwa ni binamu wa marehemu, amevuka asubuhi kwa mtumbwi. Mbele ya sanduku alisimama Katekista na kanzu yake nyeupe. Huyu ni mtu wa Sumbawanga, alifanya kazi bandarini Mtwara miaka mingi, na alipostaafu akaja kutumikia vijiji vya mtoni. Alikuwa na miezi michache tu pale. Mtu wa haki sana, hacheki ovyo.

"Mngoni huyoo!" mtu mmoja akapiga kelele. "Njaa imemleta!"

"Panya mmepika wangapi?" nikajibu kabla sijashuka kwenye pikipiki, maana Wamakonde tunawatania kwa kula panya. "Kama ni chini ya kumi nageuza!"

Kicheko. Nikapewa kofia ya marehemu na fimbo yake. Na hapo, nikiwa nimevaa kofia ya watu, watu wote wananitazama, ndipo nilipokumbuka kwamba marehemu simjui. Sijui alitembeaje. Sijui aliongeaje. Mtu mwenye busara angerudisha kofia. Mimi nikajiambia: mbona unamjua vizuri tu? Umemsoma!

Nikamtoa Bwana Zuberi. Nikatembea polepole mikono nyuma, nikakohoa kile kikohozi kabla ya jambo zito, na wanawake wakapiga ukelele, "Mwalimu huyo! Mwalimu mwenyewe!" Mzee mmoja akafuta macho kwa kicheko. Hata Mama Dafroza aliinua uso akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo ndilo lililoniponza, kwa maana nilitaka lingine. Nikakohoa tena. Nikaegemea fimbo. Nikasema kwa sauti ya upole:

"Kaburi langu lipanueni, jamani. Nina wake wawili. Mmoja huyu hapa, na mwingine yuko ng'ambo ya mto. Akifika msimfukuze, mpisheni mkekani, naye alie haki yake!"

Nimeshawahi kusema mambo yasiyochekesha, nayajua matokeo yake, watu hukohoa au hutazama simu. Hii haikuwa hivyo. Turubai zima lilinyamaza kwa pamoja kama limezimwa. Kule jikoni mtu aliacha kukoroga. Waliokuwa wanacheka walifunga midomo na kutazama chini, wote, vijana kwa wazee, na hakuna aliyemtazama yule mwanamke wa kitenge cheusi. Ndiyo maana nilimtazama mimi. Mama Dafroza alikuwa amemshika mkono, wameshikana vidole kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Nimesoma vitabu vinne vya ukoo mzima wa waongo, lakini nadhani siku ile ndipo nilipojua kusoma.

"Simama hapo," akasema Katekista. "Nani ana mke ng'ambo?"

"Marehemu... yaani si marehemu, Katekista. Ni utani."

"Utani naujua. Hata kwetu upo. Utani watu wanaucheka. Hawa mbona wamenyamaza?"

Katekista akafunga kitabu chake cha sala, na sauti ya kile kitabu kufungwa bado naisikia. "Mimi nimekuja kumzika Mkristo mwenye ndoa moja. Ndivyo nilivyoambiwa. Kama kuna mke wa pili, navua kanzu hii, mtamzika wenyewe bila mimi."

Mnaelewa nilichokuwa nimekifanya? Kitaya nzima walijua. Walijua miaka yote, na wote, bila kikao wala makubaliano, walikuwa wamenyamaza asubuhi ile ili mwalimu aliyewafundisha kusoma azikwe kwa sala za kanisa lake, na ili mwanamke yule akae mkekani kama watu wengine. Kijiji kizima kimefunga mdomo, anakuja muuza masufuria anaufungua.

Jasho likanitoka. Na katika jasho hilo nikaona mlango mmoja tu, nao nilikuwa nimeubeba begani.

"Ni kitabu!" nikapiga kelele. "Katekista, nilikuwa namwigiza Bwana Zuberi!"

"Zuberi ndiye nani?"

"Mtu wa kitabuni. Mama Dafroza hapa huwa anasema marehemu alifanana naye. Mimi marehemu sikuwahi kumwona, hata siku moja, ndiyo nikamwigiza niliyemsoma!"

"Kwa hiyo umekuja kumlilia mtu usiyemjua?" akauliza mama mmoja wa jikoni, mkono kiunoni.

"Si nilisema njaa!" akadakia yule wa mwanzo.

"Mke wa pili yumo kitabu cha nne," nikaendelea, nikifungua ule mfuko wa nailoni kwa meno. "Yupo! Ameandikwa!"

Katekista akanitazama, akatazama jalada (kuna mwanamke analia chini ya mnazi na bwana mwenye kofia amempa mgongo), kisha akasema neno moja. "Soma."

Basi nikasoma. Mbele ya sanduku, na kofia ya marehemu kichwani, nilimsomea Katekista wa watu sura ya kumi na moja ya riwaya ya mapenzi. Nikasoma Bi Nuriya, mke wa Zuberi, anavyoikuta barua kwenye mfuko wa koti, anavyoketi kitandani, anavyouliza, "Kwa hiyo huko kisiwani una nyumba, Zuberi?" Mwanzoni sauti ilitetemeka. Halafu, Mungu anisamehe, ikakaa sawa, maana kusoma najua.

"Ehe, akajibu nini?" akauliza bibi mmoja kutoka nyuma.

"Amenyamaza, bibi. Anatazama dirishani."

"Wanaume!"

"Msimhukumu," akasema mzee mwenye koti. "Hamjui aliyoyakuta nyumbani."

"Wewe nyamaza, shemeji, usije ukasomwa na wewe."

"Angesema mwenyewe mapema," akasema mama wa jikoni, na mwiko ameusahau mkononi. "Kinachouma ni barua. Barua ndiyo inauma."

"Na yule wa kisiwani?" bibi wa nyuma akauliza. "Huyo hakuna anayemwonea huruma? Yeye aliambiwa nini?"

Hapo nikasita. Kitabuni hakuna aliyemuuliza huyo mwanamke neno. Nikamwona yule wa kitenge cheusi ameinama, mabega yanatikisika. Na niliyaona masikio ya watu wote pale yakisikiliza, wakitoa maoni yao juu ya Bwana Zuberi, wengine kwa hasira, wengine kwa upole, na nikajua hakuna hata mmoja anayemzungumzia Bwana Zuberi.

Katekista akanyoosha mkono, akachukua kitabu, akasoma mwenyewe ukurasa ule, kidole chini ya mstari. Akainua macho. "Hapa pameandikwa kisiwani. Wewe ulisema ng'ambo ya mto."

Ndugu zangu, mwanamume yule alifanya kazi bandarini, alizoea kulinganisha karatasi na mzigo.

"Katekista," nikasema, "Kitaya kisiwa kiko wapi? Niliona mto, nikasema mto."

Alinitazama kwa muda ambao mpaka leo naukadiria kuwa mwaka. Halafu Mama Dafroza akasimama. Hakuuachia mkono wa mwenzake, kwa hiyo na yule mwingine ikabidi asimame.

"Katekista, mke wa Mwalimu ni mimi. Nimefunga naye ndoa kanisani, nimemzalia watoto watano, nimemfumba macho jana. Kama kuna mtu wa kumshitaki mume wangu, mtu huyo ni mimi, na mimi simshitaki. Nakuomba unizikie."

"Na huyu?" Katekista akauliza polepole.

"Huyu nimemwita mimi mwenyewe, tulie pamoja."

Katekista alitazama mikono ile miwili iliyoshikana. Akatazama kitabu cha Somoe, akanirudishia. Akafungua kitabu chake cha sala, akatafuta ukurasa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Tusimame." Watu wote tukavuta pumzi kwa mara moja, na wimbo ukaanza, mkubwa ajabu, nadhani Msumbiji waliusikia.

Tulimzika. Nilichimba, nilifukia, nilibeba maji, hakuna kazi niliyoiacha, na kofia niliirudisha bila kuombwa. Tulipokuwa tunanawa, Katekista alisogea karibu yangu, akatazama kulia na kushoto.

"Hicho kitabu. Cha kwanza kinapatikana?"

Nikamwambia kinapatikana. Kama aliamini maneno yangu au aliamua kuyaamini, sikumuuliza, na nyie msimuulize.

Mama Dafroza aliniita nyuma ya nyumba jioni hiyo. Nikapiga magoti kabisa. "Mama, nisamehe, sikujua habari ya ng'ambo."

"Ya ng'ambo nayajua miaka kumi na mmoja," akasema. "Albertina ni mtu mwema. Siku mbili za kwanza nililia, ya tatu nikampelekea mchele, maana nilisikia amejifungua. Hilo limepita, na utani ni utani. Nataka nikuulize jingine. Kitabu hiki nesi alikupa lini?"

Nikasema siku. Akahesabu kimoyomoyo.

"Siku mbili. Ulikuwa wapi?"

"Nanyamba, mama. Nilikuwa nasoma."

Akatikisa kichwa, bila ukali, na ingekuwa heri angenitukana. "Nilikuwa namsomea Mwalimu. Macho yake yalikwisha, kwa hiyo vitabu vyote vitatu alivisikia kwangu. Juzi aliniuliza, Mngoni amefika? Jana asubuhi akaniuliza tena. Alitaka kujua Zuberi ataishia wapi."

Nimezunguka mikoa mitatu, nimefukuzwa na mbwa, na askari, na mama mkwe ambaye hakuwahi kuwa mama mkwe wangu. Hakuna maneno yaliyowahi kunipiga kama hayo. Nilisoma sura za mtu mwingine, huku muda wake unakwisha, nikasoma polepole kwa sababu zilikuwa tamu.

Baada ya arobaini nilipita tena Kitaya, nikawakuta wanawake wawili barazani, Mama Dafroza anasoma kwa sauti na Albertina anachambua mchele. Maoni yao juu ya kitabu cha nne nimeyabeba hadi Magomeni, Somoe akaacha kushona kuyasikiliza: Mama Dafroza anasema mwandishi amemliza Bi Nuriya kurasa nyingi mno, mwanamke mwenye nyumba ya kuendesha hana muda huo, Albertina anasema yule wa kisiwani angepewa jina. Katekista naye yuko kitabu cha pili, na maoni yake ananipa kwa kunong'ona.

Utani sijauacha, kazi naijua na bado naifanya vizuri. Ila siku hizi nikifika msibani, kabla sijapokea kofia ya mtu, nauliza marehemu alikuwa nani, nami nasubiri nijibiwe mpaka mwisho. Na wakiniambia alikuwa kama fulani wa kitabuni, naomba jembe, nakwenda kuchimba, sisemi kitu.